Nikifuta aplikesheni ya mkopo, namba za watu wangu nazo zinafutika?

SWALI: Habari kaka. Nilikopa 60,000 kwenye aplikesheni moja ya mikopo ya mtandaoni, mkononi ikaingia 42,000 tu na natakiwa nirudishe 60,000 ndani ya siku 7. Nikachelewa siku mbili. Basi wakaanza kutuma meseji kwa mama mkwe, kwa bosi wangu, mpaka kwa fundi wa tv ambae nilimpigia mara moja tu, wanawaambia mimi ni tapeli na kwamba wao ndo wadhamini wangu. Nimeshaifuta ile aplikesheni lakini meseji zinaendelea. Sasa je, nikifuta bado wanazo namba? Mume wangu anasema niirudishe simu upya kabisa kama imetoka dukani, itasaidia? Na hii sheria ya taarifa binafsi inamsaidia mtu kama mimi kweli au imewekwa kuwafurahisha wawekezaji? Maana serikali yenyewe ina alama zetu za vidole toka tusajili laini. (Dada wa Mbagala)

JIBU: Dada pole sana, na pole kwa mama mkwe pia. Jibu la swali lako la kwanza ni fupi na halifurahishi: ndio, bado wanazo. Ukifuta aplikesheni unafuta kilichopo kwenye simu yako, lakini namba zilishaondoka siku ile ile uliyoiweka, na inawezekana kabisa ziliondoka kabla hata hiyo 42,000 haijaingia. Na hilo la mumeo la kurudisha simu upya usilifanye kwa ajili hii, utapoteza picha na ushahidi wako bure na kwenye seva yao, yani kompyuta wanakohifadhi taarifa, hakuna kitakachobadilika.

Mimi kazi yangu ni kupima usalama wa aplikesheni, yani naifungua ndani naangalia inachukua nini na inakipeleka wapi, kwa hiyo ngoja nikueleze inavyokuwa. Kwenye Android aplikesheni haiwezi kusoma majina na namba za watu uliowahifadhi kwenye simu mpaka ikuombe ruhusa, ndo kile kiboksi kinachotokea unabonyeza Ruhusu au Kataa. Watu wengi wanadhani ukibonyeza Ruhusu inaenda kuchungulia jina moja moja pale inapolihitaji. Hapana. Ukiruhusu umeruhusu orodha nzima, jina, namba, barua pepe, hadi yale maelezo unayoandika mwenyewe pembeni ya jina la mtu. Majina 800 ni faili dogo mno, linasomwa na kutumwa kwa sekunde chache hata kama una bando la kuungaunga. Baadae ukienda kwenye setingi ukaiondoa ile ruhusa unazuia isisome namba mpya tu, za mwanzo maji yameshamwagika.

Na hapa ndo pananiudhi. Wanasema wanahitaji majina ili upate wadhamini wawili. Sawa, lakini Android ina njia ya siku nyingi tu ambayo simu yenyewe inakufungulia orodha, wewe unagusa jina moja, na aplikesheni inapewa hilo jina moja basi, tena haihitaji hata kuomba ruhusa ya orodha nzima. Apple nao toka mfumo wa simu zao wa iOS 18 wa mwaka 2024 wanakuacha uchague majina machache ya kuipa aplikesheni. Kwa hiyo aliyetengeneza akaomba yote hakukosa njia nyingine, aliamua. Yule hana kadi ya gari yako wala hati ya kiwanja, dhamana aliyoshika ni aibu yako mbele ya watu unaowaheshimu, na ili aishike anahitaji orodha nzima maana hajui nani kati yao ndo mama mkwe.

Kingine ambacho hukukitaja ila nina wasiwasi nacho ni meseji. Nyingi za hizi zinaomba pia kusoma SMS, wanasema ni kukupimia kiwango cha mkopo, na kweli wanasoma zile meseji za M-Pesa na Airtel Money wanaona unaingiza kiasi gani na salio lako mwisho wa mwezi linakuwaje. Lakini ruhusa ya SMS haichagui, namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki nazo ziko humo humo. Kama una aplikesheni nyingine ya mkopo imebaki kwenye simu nenda leo kwenye setingi, tafuta sehemu ya ruhusa, angalia nani anaweza kusoma SMS na orodha ya majina, zima zote usizozielewa. WhatsApp ikilalamika utairudishia, haina shida.

Sasa utaniuliza kwani hawa Google hawaoni? Wanaona. Toka 2019 walibana sana aplikesheni za Play Store kuomba SMS na orodha ya simu ulizopiga, halafu kuanzia 31 Mei 2023 wakakataza kabisa aplikesheni za mikopo binafsi kugusa majina ya watu na picha zako. Ndo maana nataka ukumbuke uliipata wapi. Kama ulibonyeza tangazo la Facebook au mtu alikutumia linki ya WhatsApp na simu ikakuuliza kama unaruhusu kuweka programu kutoka chanzo kisichojulikana, basi ulishusha faili la APK, yani programu unayoiweka mwenyewe bila kupitia Play Store, na huko masharti ya Play Store hayafiki. Simu za Android 14 kwenda juu angalau zinakataa programu zilizotengenezwa kwa mtindo wa kabla ya Android 6, zile ambazo ukiweka tu umeshazipa kila kitu kwa mkupuo bila kuulizwa. Simu ikiwa ya zamani zaidi hata hiyo kinga hauna.

Tuje kwenye sheria, na hapa nitakuwa mrefu kidogo kwa sababu watu wanaidharau mapema. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ina chombo chake, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, wengi wanaiita PDPC, ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Kila anaekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume, awe na lengo linaloeleweka, na mwenye taarifa ajue zinachukuliwa na za nini.

Sasa sikiliza vizuri. Malalamiko yenye nguvu hapa sio ya kwako, ni ya mama mkwe. Wewe watakwambia ulibonyeza Ruhusu mwenyewe na masharti yapo kurasa 14 ungesoma. Yeye je? Hajakopa, hajaweka aplikesheni, hajabonyeza popote, hajui hata hiyo kampuni inaitwaje. Namba yake imechukuliwa, imehifadhiwa na imetumika kumtumia meseji za kumuita mdhamini, na ridhaa yako wewe haiwezi kugeuka kuwa ridhaa yake. Kwa hiyo usiende Tume peke yako. Mama mkwe alete malalamiko yake, fundi wa tv alete yake, bosi akikubali na yeye, kila mtu kwa jina lake. Ya kwako pia peleka, maana hata kama uliruhusu wasome majina kwa ajili ya kukagua mkopo hukuruhusu wakutangaze tapeli, hayo ni malengo mawili tofauti kabisa.

Wakenya wameshaonyesha kwamba njia hii inafanya kazi. Septemba 2023 ofisi yao ya kamishna wa data iliipiga kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa inaendesha KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, na kosa lilikuwa hili hili, majina na namba za watu zilizopatikana kupitia wengine zikatumika kutuma meseji na simu za vitisho. Na kabla ya hapo, 2022, Benki Kuu yao ilishatoa kanuni zinazomkataza mkopeshaji wa mtandaoni kuingia kwenye orodha ya majina ya mteja ili awatumie watu meseji mteja akichelewa. Faini yenyewe kwa kampuni ya mikopo mimi naiona ndogo, ila uamuzi ule unawapa wengine pa kushika.

Ushahidi ndo utakaokubeba. Skrinshoti zionyeshe namba iliyotuma, tarehe na meseji nzima, na wale waliotumiwa wapige skrinshoti kwenye simu zao wenyewe wasikutumie maneno ya kunakili. Kama lile faili la APK bado lipo kwenye Downloads usilifute, mtaalamu anaweza kulifungua akaonyesha linaomba ruhusa gani na linapeleka wapi. Na kitu ambacho watu wanakisahau ni meseji ya muamala, ile siku 42,000 inaingia ilikuja na jina la aliyetuma. Mara nyingi jina hilo halifanani hata kidogo na jina zuri lililoandikwa kwenye aplikesheni, na kwangu mimi lile la kwenye muamala lina thamani kuliko skrinshoti 20.

Vitisho na matusi ni kesi nyingine, hiyo inaenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Chukua RB, ile namba ya taarifa yako polisi. Zile namba zinazotukana ziripoti pia 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Sasa hilo la serikali na alama za vidole, umenigusa. Usajili wa laini kwa vidole ulianza 1 Mei 2019, Januari 2020 laini zikaanza kufungwa, na tuliambiwa faida yake ni kwamba kila laini itakuwa na mwenyewe anaejulikana. Haya, kama kila laini ina mwenyewe, laini inayomtukana mama mkwe nayo ina mwenyewe. Mimi sipingi usajili, ila serikali ikishachukua vidole vya watu wote haiwezi tena kumwambia raia kwamba aliyemtisha hapatikani. Na ndio, nina mashaka pia na Tume kuwa chini ya wizara huku viongozi wake wa juu wakiteuliwa na Rais, maana siku ofisi nyingine ya serikali ikivujisha taarifa nataka nione itaipigaje faini. Kenya nako Rais anateua, ila jina linapita bungeni kwanza, na hilo ningelipenda na huku. Lakini kwa kesi yako mkosaji ni mfanyabiashara, hapo sioni sababu ya Tume kuogopa.

Kuhusu kufungia aplikesheni nina maoni tofauti kidogo na wengi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni ikawaambia wananchi wakae nazo mbali, baada ya kuwa imetoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali mwaka huo huo. Hatua nzuri, na kabla hujakopa popote tafuta jina kwenye orodha ya wenye leseni iliyopo kwenye tovuti ya BoT. Shida ni kwamba jina la aplikesheni ni kitu rahisi sana kubadilisha, programu ile ile unabandika nembo mpya na rangi nyingine jioni umemaliza, na ukiiondoa Play Store inahamia kwenye linki za APK ambako masharti ya Play Store hayafiki. Mimi ningebana kwenye pesa. Hawa hawatembei na noti mfukoni, hela lazima itoke na irudi kupitia mitandao ya simu, kwa hiyo anaetaka namba ya kampuni ya kupokelea marejesho ya mikopo aonyeshe leseni ya BoT kwanza, asipokuwa nayo mtandao umkatie. Akikimbilia namba za watu binafsi, hizo nazo zina vidole.

Mwisho deni lenyewe. Mimi sio mwanasheria na sitakwambia limefutika kwa sababu walikutukana. Waandikie uulize unadaiwa kiasi gani, riba kiasi gani na ada ile ya 18,000 iliyokatwa mwanzo ni ya nini, kwa maandishi, na humo humo waambie wafute namba zote za watu wasiokopa. Ukilipa lipa kwenye namba inayotambulika ya kampuni na utunze risiti, usitume hata shilingi kwa yule anaekupigia akisema nitumie kwenye namba hii nikufungie faili leo, ukifanya hivyo wiki ijayo atapiga mwingine na deni liko vile vile. Na mama mkwe mwambie asijibu zile meseji wala asiwalipie, wakimuuliza yeye hajasaini popote, mtu hawi mdhamini kwa sababu jina lake limo kwenye simu ya mkwewe.