Kwa mleta mada: itoe pawabenki chini ya hilo begi kabla hujafunga zipu

Mkuu, ngoja kwanza.

Umeuliza mambo matano kwa mpigo: pawabenki (ile betri ya kubeba ya kuchajia simu) ya mAh 30,000 au ya 20,000, yaani kipimo cha ujazo wa betri, hedifoni za kufunika masikio au za kuchomeka, adapta ya aina gani, kiti cha dirishani au cha njiani, na kama saa mbili zinatosha kubadilisha ndege wakati ndege ya pili ni ile ndogo ya pangaboi. Halafu katikati ukapenyeza sentensi moja kama vile haina uzito: pawabenki utailaza chini kabisa ya begi la mkononi, juu yake nguo za siku kumi na mbili, kwa sababu muuzaji kakwambia "inaruhusiwa ndege zote". Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niache kazi niandike. Nimeshakula wa chuya kwa jambo hilihili na sitakaa kimya nikuangalie na wewe unakula.

Kanuni unayoijua wewe, kwamba pawabenki haiwekwi kwenye mzigo wa kukabidhi bali inaingia nayo ndani, ni kweli. Shida ni kwamba ni nusu ya kanuni. Wanaorekodi video za "jinsi ya kupaki kama msafiri mzoefu" wanaishia hapohapo, wanakuonyesha vimfuko vya rangi vimepangwa kama matofali, pawabenki imelala sakafuni mwa begi "ili uzito ukae chini", muziki unapigwa, kwaheri. Natamani siku moja mmoja wao arekodiwe akiwa getini.

Begi la mkononi linabaki la mkononi mpaka mtu wa getini aseme vinginevyo. Ndege ikiwa imejaa, wanaopanda mwishomwisho wanakuta vikabati vya juu vimeshiba, basi begi lao linafungwa kikaratasi palepale mlangoni na kuteremshwa kwenye tumbo la ndege. Kwenye ndege ndogo za pangaboi kama ATR 72 hata hawasubiri kujaa. Vikabati vyake ni vifupi na vyembamba, begi la magurudumu lililopita bila neno kwenye ndege kubwa halitoshi humo, na mara nyingi linachukuliwa chini ya ngazi, ukiwa umeshafika kwenye ndege yenyewe. Sasa wewe umetuambia kwa mkono wako kwamba safari ya pili ni pangaboi. Kwa hiyo usilichukulie jambo hili kama ajali inayoweza kukupata. Lihesabu kama sehemu ya ratiba yako.

Na begi likichukuliwa getini, betri zote za akiba na pawabenki zinatakiwa zitoke ndani yake zibaki na wewe. Zote. Wakati huo nyuma yako kuna foleni, mbele yako kuna mtu wa fulana inayong'aa amenyoosha mkono, na pawabenki iko chini ya suruali nne, viatu, na kile kimfuko cha sabuni. Anaweza kukuuliza kama kuna betri ndani, anaweza asikuulize kabisa. Hapo binadamu wanagawanyika makundi mawili: anayesema "hamna" kwa sababu amesahau kweli, na anayepiga magoti kwenye lami kumwaga nguo zake za ndani mbele ya abiria sabini. Mimi nimewahi kuwa makundi yote mawili, na sipokei maswali kuhusu la pili.

La kwanza ndilo la gharama. Betri ikigundulika, begi linaweza kushushwa, kufunguliwa bila wewe kuwepo, au kubaki nyuma wakati wewe unapaa. Ndani yake mna chaja, dawa, sweta na kila kitu ulichosema "hiki lazima kiwe karibu yangu". Isipogundulika ni mbaya zaidi, na hapa nieleze sababu, maana wengi hudhani ni ukorofi wa wenye viwanja.

Seli ya lithiamu ikipata hitilafu ndani, kwa kugongwa, kwa kasoro ya kiwandani, au kwa ncha zake kugusana na sarafu au funguo, inaanza kujipasha joto yenyewe. Joto linaharakisha mmenyuko wa kemikali ndani yake, mmenyuko unaongeza joto, na seli ya jirani inashika. Kule chini kwenye mizigo kuna mfumo wa kuzima moto kwa gesi ya haloni. Gesi hiyo inaua mwali lakini haipoozi seli, kwa hiyo joto linaendelea kuhama seli hadi seli gizani, na hakuna mtu wa kulifikia. Juu, ndani ya chumba cha abiria, mhudumu anaona moshi, anazima mwali, kisha anamwagia maji mengi ili kupooza. Hiyo ndiyo tofauti nzima. Wanakutaka ukae nayo ili ikianza kufuka, mtu aione mapema.

Ndiyo maana hata kabati la juu ya kichwa halipendwi tena. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Moto ulianzia kwenye kabati la mizigo la juu, abiria wakatoka kwa milango ya dharura, na wachunguzi wakaitaja pawabenki kuwa chanzo kinachowezekana. Kuanzia tarehe 1 Machi mwaka huohuo, Korea Kusini ikaagiza pawabenki zisiwekwe juu, ziwe mwilini au mfuko wa kiti. Singapore Airlines ikapiga marufuku kuzitumia wala kuzichaji ndani ya ndege kuanzia 1 Aprili 2025. Emirates ikafuata 1 Oktoba 2025: moja tu kwa abiria, isiyofika Wh 100 (kipimo hiki nakieleza hapo chini), na hairuhusiwi kutumika angani. China nayo tangu 28 Juni 2025 haikubali kwenye safari za ndani pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani cheti cha usalama cha China, hata iwe ndogo kama kiberiti. Sasa niambie, muuzaji wako alikuwa anazungumzia "ndege zote" zipi?

Na huyo muuzaji sijamalizana naye. Amekuuzia 30,000 kwa sababu namba kubwa inauza. Uwanjani hawapimi kwa mAh, wanapima kwa Wh, yaani wati-saa. Hesabu yake ni mAh mara volti, gawanya kwa 1,000. Volti inayotumika ni ya seli za ndani, kwa kawaida 3.7, wala si zile 5 za tundu la USB. Kwa hiyo:

10,000 mAh ni Wh 37.
20,000 mAh ni Wh 74.
27,000 mAh ni Wh 99.9.
30,000 mAh ni Wh 111.

Mpaka ni Wh 100. Ikizidi hapo hadi 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari, na mwisho ni mbili. Juu ya 160 abiria haingii nayo kabisa. Yako ya 30,000 basi iko upande wa kuomba ruhusa, na kwa shirika lililokaza kamba kama Emirates hakuna cha kuomba, inabaki kwenye pipa la ukaguzi. Mapipa hayo ukiyachungulia siku moja utadhani duka linafunga.

Mtego mwingine: usinunue inayokwaruza mpaka. Seli nyingine ni za volti 3.85, na 26,800 mara 3.85 ni Wh 103, umeshavuka bila kujua. Na kama Wh haijachapwa mwilini, au imefutika kwa kusuguana na funguo, mkaguzi ana haki ya kuikataa, au anapiga hesabu yake mwenyewe. Akitumia 5 badala ya 3.7, 20,000 yako iliyo mbali na mpaka inageuka Wh 100 kamili, imeukalia mpaka, na wewe unaanza kufundisha fizikia saa kumi alfajiri kwa mtu mwenye mamlaka. Hutashinda. Maandishi yakianza kufifia, bandika utepe unaoonyesha ndani juu yake mapema, au nunua nyingine.

Jibu la swali lako la kwanza basi: 20,000. Usitarajie lakini kwamba itaitoa yote kwenye simu. Wh 74 zikipandishwa kwenda volti 5 na ukatoa upotevu wa joto, kinachofika ni kama 12,000 hadi 13,000 mAh. Simu ya kawaida utaijaza mara mbili na nusu, siku mbili hizo. Kwa anayelala penye umeme kila usiku hata 10,000 inatosha, ila najua hutanisikiliza.

Sasa namna ya kubeba, hapa ndipo sitaki ubishi. Tafuta kimfuko chenye zipu, ukubwa wa daftari dogo, kisichopitisha maji kama unaweza. Ndani yake weka kila kitu chenye betri ambayo haijafungwa ndani ya kifaa: pawabenki, betri za akiba za kamera kila moja kwenye kikasha chake cha plastiki (au bandika utepe juu ya zile ncha za shaba), kisha ongeza sigara ya umeme kama unavuta, na waya mmoja mfupi. Sarafu na funguo zisikanyage humo. Kimfuko hicho kikae juu kabisa, mdomoni mwa begi, kikiwa kimeunganishwa kwa kipande cha kamba na ndoano, au bora zaidi kikae kwenye mkoba mdogo unaovaa begani ambao hakuna mtu wa geti atakayeugusa. Kipimo changu ni hiki: ukiwa umesimama, begi likiwa chini, macho yako kwenye pasi ya kupandia, mkono mmoja ukitoe kwa kuhesabu mpaka tatu. Ukishindwa, umepaki vibaya, panga upya. Jaribu nyumbani, usijaribie kwenye ngazi ya ATR.

Ukishakaa: mfuko wa kiti au chini ya kiti cha mbele, kamwe si juu. Na simu ikikuponyoka ikaingia kwenye mitambo ya kiti kinacholala, usikisogeze kiti kuitafuta. Kiti kinaweza kuibana, na betri iliyobanwa ndiyo hiyo hadithi ya seli tena. Mwite mhudumu.

Kabla ya kusafiri ilaze pawabenki juu ya meza tambarare na ubonyeze pembe moja kwa kidole. Ikitikisika kama meza mbovu, au ukiizungusha ikageuka kama pia, imevimba. Haitoki nyumbani hiyo, wala usiitoboe "kutoa hewa". Angalia pia namba ya modeli kwenye orodha za bidhaa zilizorudishwa kiwandani. Juni 2025 Anker walirudisha PowerCore 10000 modeli A1263, zaidi ya milioni moja Marekani pekee, na hiyo ni kampuni yenye jina, sembuse ile ya muuzaji wako isiyo na jina wala ndugu.

Kuna betri ambazo watu hawazihesabu. Sanduku janja lenye betri ya kuchaji simu: betri isipochomoka, sanduku linaweza kukataliwa, na ikichomoka inaingia kwenye kile kimfuko sanduku likienda chini. Koti lenye kipasha joto nalo vilevile. AirTag, kile kidude cha kufuatilia mzigo, haina neno, kibetri chake ni kidogo mno, iache sandukuni ikufanyie kazi. Kompyuta mpakato inaweza kwenda chini ikiwa imezimwa kabisa, si kulazwa usingizi tu, lakini mwenye akili zake anaipakata.

Adapta kwa kifupi: haibadilishi umeme, inabadilisha umbo la tundu tu. Soma kwenye chaja, ikiandikwa 100-240V chomeka popote duniani. Kikausha nywele cha 120V ukikichomeka kwenye 230V kinavuta zaidi ya mara tatu ya nguvu kilichoundiwa na kinakufa kwa moshi na harufu. Kiache nyumbani, utakuwa umeokoa nafasi ya juu ya begi, ambayo tumeshakubaliana ni ya kimfuko.

Saa mbili zinatosha kama ni tiketi moja na huchukui mzigo katikati. Hazitoshi kama utazitumia kumweleza mtu kwa nini begi lako lina betri ndani, tena kwa lugha ya mikono.

Hedifoni na kiti nitakuja, ngoja tumalize hili. Igeuze hiyo pawabenki sasa hivi, washa tochi ya simu, soma yale maandishi madogo ya kijivu upande wa nyuma, kisha utuandikie hapa: Wh ngapi, volti ngapi, na kama Wh haipo kabisa useme haipo. Ukiandika mAh sijibu.