Tazama mkono, usingoje maneno

Swali la wiki liliuliza: katika The Good Wife, tamthilia ya Marekani, wakili Alicia Florrick alibaki na mumewe kwa mapenzi, kwa ajili ya watoto, au kwa tamaa ya madaraka? Huku Mbeya jibu la haraka ni la pili: anavumilia kwa ajili ya watoto. Jibu hilo tunalitoa kwenye kichen pati, si kwenye tamthilia.

Rudi kwenye onyesho la kwanza, la Septemba 2009. Peter, mume wa Alicia na mwendesha mashtaka mkuu huko Chicago, anajiuzulu mbele ya wanahabari kwa kashfa ya ngono na rushwa. Alicia kasimama pembeni, kimya. Jicho lake linaona uzi kwenye mkono wa koti la mumewe, na vidole vinaufuata kuutoa. Wakifika kwenye korido Peter anamuuliza kama yuko sawa, anapigwa kofi. Halafu Alicia anaweka koti lake vizuri na kuondoka. Dakika chache tu, na tayari yupo mke aliyezoea kutunza, yupo aliyeumizwa, na yupo anayejali ataonekanaje. Ukimchagua mmoja ukawafukuza wawili, sizoni zote 7 zitakuchanganya.

Kwa kila uamuzi wake mkubwa, andika mambo matatu kwenye daftari: nani anamtazama, yeye anajua nini wakati ule, na atapoteza nini. La pili ndilo linaloponza wengi, kwa sababu tunamhukumu kwa tunayoyajua sisi. Anaporudi kwenye uwakili baada ya miaka 13, mume yuko jela na kuna watoto wawili wa kulea. Ni mshahara anaoutafuta. Kuuita uamuzi ule tamaa ya madaraka ni kuuazima kutoka sizoni ya 6, anapogombea cheo kilekile cha Peter.

Jambo jingine ni sizoni zilizotafsiriwa, zile tunazowekewa kwenye flashi Mwanjelwa. Msimuliaji, yule anayetafsiri kwa sauti juu ya picha, hapendi kimya. Mwanamke akinyamaza sekunde tano, yeye anajaza: "Hapa anapanga kulipiza kisasi." Basi mtazamaji anaondoka na nia ya msimuliaji akidhani ni ya mhusika. Onyesho la namna hiyo lirudie mara mbili: kwanza bila sauti, ukifuata macho na mikono, kisha kwa sauti ya asili, hata kama Kiingereza kinakupita, maana pumzi na kusita havihitaji tafsiri.

Sasa lipime swali lenyewe kwa sehemu ya mwisho, ya 156, Mei 2016. Watoto wamekua, kwa hiyo la watoto limekwisha. Talaka iko njiani, kwa hiyo hata mapenzi ni vigumu kuyategemea. Lakini ili kumwokoa Peter mahakamani, Alicia anakubali mume wa Diane, mshirika wake wa kazi, aanikwe kizimbani kwa uzinzi. Hapo mimi naona mtu aliyejifunza kushinda, hata pale ambapo kushindwa kungemgharimu kidogo kuliko urafiki ule. Peter, ambaye sasa ni gavana, anajiuzulu tena mbele ya wanahabari, ananyoosha mkono kumshika mkewe, na mkewe hayupo. Yuko kwenye korido, na safari hii kofi ni la Diane, na shavu ni la Alicia. Machozi yanamlenga. Anaweka koti lake vizuri, anaondoka.

Msomaji, Mbeya