Favignana kwa siku moja na watoto

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha Favignana, kisiwa kidogo karibu na Sicily, Italia, ukitokea mji wa bandari wa Trapani na watoto wawili wadogo. Inatosha, mradi uwahi boti ya asubuhi. Boti ya kasi hutumia kama nusu saa. Feri kubwa hukaribia saa nzima, ila haitikisiki sana. Kama wanao hutapika baharini, panda hiyo.

Cala Rossa, ile ghuba unayoiona kwenye picha za kisiwa, ni nzuri kweli, lakini haina mchanga. Ni machimbo ya zamani ya mawe: unashuka juu ya miamba mikali, kivuli hakuna, na ukiwa na mtoto mgongoni utajuta. Nendeni ufuo wa Lido Burrone, upande wa kusini. Kuna mchanga, na maji yanabaki ya magotini hata ukisogea mbele. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma, huko ndiko kutulivu. Ukigeuka wa kusini, hamia kaskazini.

Baiskeli zinakodishwa karibu na bandari, hata zenye kiti cha mtoto. Barabara nyingi ni tambarare, mlima mmoja tu katikati. Tiketi ya kurudi kata mapema, hasa Agosti, na usisubiri boti ya mwisho: upepo mkali ukija, safari hufutwa.