Bati la softboli lishuke au lipande? Naongea kama mzazi niliyepoteza msimu mzima

Mkuu mleta mada, umesema binti yako wa miaka 11 anacheza softboli (ndugu wa besiboli), na kila akipiga, mpira unapaa kama kishada halafu unadakwa. Kocha anamwambia "shusha bati, kata kuni", na mchangiaji wa hapo juu anakwambia apige kwa kupandisha kama Ted Williams, yule mpigaji maarufu wa besiboli wa zamani. Nimepita humo humo. Binti yangu anacheza softboli huku Texas mwaka wa nne sasa, na msimu wa kwanza wote ulikuwa wa kukata kuni. (Bati la kupigia, jamani, si la kuezekea.)

Tuanze na mpira, maana watu wanabishana wakitazama bati tu. Wale wa "shusha" wana hoja yao: mrushaji wa softboli anaachia mpira usawa wa nyonga, hana kilima cha kusimamia kama yule wa besiboli, kwa hiyo eti mpira unakuja ukipanda. Nenda kasimame pembeni uone. Kwa umri wa binti yako mrushaji yuko futi 40, kama mita 12, na mkono bado hauna nguvu. Ili mpira ufike lazima aupandishe kidogo, na ukimkaribia mpigaji unakuwa umeshaanza kushuka. Sasa mpira unashuka, bati nalo linakata kwenda chini: vinakutana sehemu moja tu, kama magari kwenye njia panda. Akiwahi kidogo au akichelewa kidogo, imekula kwake. Lakini bati likipanda kidogo, linaingia kwenye njia ile ile ya mpira na kukaa humo kitambo, hata akikosea muda bado anagusa. Ndicho alichokuwa anafundisha Williams, yule aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa kupiga wa .406, yaani kama mapigo manne mazuri kwa kila zamu kumi. Kidogo, lakini. Watu wanalidaka neno "kupanda" wanaliacha "kidogo".

Wangu kwa kukata kuni alikuwa anatoa mipira ya kubingirika, laini, moja kwa moja kwa yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu. Na mipira ya juu pia! Hapo ndipo nilipochoka. Bati linaloshuka likiupata mpira kwa chini linauzungusha kinyumenyume, unapaa wima. Kocha akiona umepaa anasema shusha zaidi, na mtoto anazidi kuharibika.

Kilichonifungua macho ni simu. Niliiegesha juu ya ndoo tupu ya mipira, ubavuni mwa mpigaji, nikarekodi mwendo wa pole, picha 240 kwa sekunde. Viganja vinakimbilia chini, nyonga bado zimelala, na bati linaugusa mpira huku lingali linaelekea ardhini. Siku hiyo hiyo kocha akachukua bati kumwonyesha mfano, nikamrekodi na yeye. Bati lake lilipanda! Nilipomwonyesha alinyamaza, kisha akasema simu imekaa vibaya.

Ila hakuwa anadanganya. Bati linakaa juu ya bega, kwa hiyo safari yake lazima ianze kwa kushuka. Halafu linalala, halafu linapanda. Mtu mzima aliyepiga miaka mingi anaihisi ile sehemu ya kwanza tu, hiyo iliyobaki mwili unaifanya wenyewe. Mtoto ukimwambia "shusha", anashusha mpaka mwisho.

Nilichofanya: nilichukua kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga kwenye uzio upande wa mrushaji, nikaileta ikishuka kidogo mpaka kwenye kigingi nyuma ya binti, usawa wa goti. Akawa anapitisha bati polepole sambamba na kamba, nyonga zikitangulia, viganja vikifuata. Dakika kumi kila jioni. Wiki ya tatu hivi nikasikia ule mlio mkavu wa mkwaju ulionyooka, jirani akachungulia dirishani.

Wale wa "shusha" nawapa moja. Tangu ahamie kundi la miaka 14 kwenda chini warushaji wako futi 43, wanarusha kwa nguvu, na wapo wenye mpira wa kupanda, ule unaozungushwa kinyumenyume ukaja juu kifuani karibu bila kushuka. Huo ukiupandishia bati, bati linapita chini ya mpira kabisa. Unataka bati lipite limelala, au uuache upite, na wangu bado haachi.

Sasa wa kwako sijamwona. Inawezekana hakati kuni kabisa. Wapo ambao bega la nyuma linaporomoka mapema, bati linazama, mtoto anachota kama anateka maji kwa kata. Huyo naye anapaisha, na kwake neno "shusha" linaweza kumfaa kwa wiki mbili. Mrekodi kwa ubavuni, simu usawa wa kiuno, mapigo matano, uiweke hapa tuione kabla hujamlipia mtu darasa.