Majibu ya Jikoni: Supu Kivyake, Tambi Kivyake

Barua nyingi za mara hii zauliza jambo moja: bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe, lile linalouzwa vibandani kule Singapore, Malaysia na Uchina, laweza kupikwa Mombasa likatoka sawa? Laweza. Mifupa tunayo, na viungo vyapatikana Markiti. Linaloharibu ni mazoea yetu ya kutia kila kitu sufuria moja kama pilau. Supu, tambi na nyama hupikwa mbalimbali, zikakutana bakulini tu.

Nauza supu jioni, lakini yangu hutoka nyeupe kama maji ya mchele, na ina utando wa mafuta mdomoni. Nakosea wapi? — Msomaji, Kongowea

Supu huchafuka kwa damu na kwa mchemko mkali. Damu iliyobaki mifupani huganda ikipata moto, ikawa chembe za kijivu. Mchemko mkali nao huyapiga mafuta mpaka yakavunjika matone madogo mno yasiyopanda juu tena. Hapo supu huwa nyeupe, na huna cha kuengua.

Kwa bakuli kumi, chukua mifupa kilo 2, nusu ya uboho na nusu ya magoti, pamoja na nyama ya muundi kilo 1 na nusu. Mchinjaji akukatie mifupa vipande vya kiganja. Loweka kwenye maji baridi saa nzima, ukiyabadilisha mara mbili. Kisha teleka na maji mengine baridi, bila kifuniko, na yakishachemka yaache dakika 10. Litapanda povu zito la rangi ya udongo. Usihangaike kuliengua: mwaga maji yote, osha mfupa mmoja mmoja, osha na sufuria, maana ule ukoko wa pembeni ukibaki utarudi kwenye supu. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona kwamba utamu wamwagwa. Kinachomwagwa ni damu. Utamu wa mfupa hutaka saa nyingi kutoka.

Sasa tia maji lita 6 na mifupa na muundi. Yakikaribia kuchemka, punguza moto. Unachotaka ni uso wa supu utetemeke, vipovu viwili vitatu vikipanda pembeni. Kwenye jiko la makaa, toa makaa kadhaa na yaliyobaki uyafukie jivu kidogo. Kifuniko kiache wazi upande. Maji yakipungua, ongeza ya moto.

Muundi utoe baada ya saa mbili na nusu. Mifupa iendelee mpaka saa nne zitimie. Viungo viingie saa ya mwisho, vikiwa vimefungwa kitambaani: kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole, kile kiungo chenye umbo la nyota punje 2, karafuu 2, pilipili manga na shamari kijiko cha chai kila kimoja. Vikikaa saa nne, supu hunuka dawa. Tangawizi gramu 60 na vitunguu maji 2 vichome juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, vikwangue, uvitie wakati huohuo. Bizari ya pilau iache kabisa: jira hufunika harufu ya nyama, na unga wake hurudisha tope ulilokwisha kuliondoa.

Chumvi ni ya mwisho, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kila lita. Ukiionja peke yake ihisi imezidi kidogo, kwa sababu tambi hazina chumvi ya kutosha. Chuja kwa kitambaa bila kukikamua. Mafuta engua, lakini bakisha pete ndogondogo za ukubwa wa tembe ya dawa. Humo ndimo harufu inamokaa.

Tambi zangu hushikana donge, na mgeni akichelewa dakika chache hukuta zimekunywa supu yote. — Mama wa Majengo

Mama, bila shaka wazichemshia ndani ya supu. Tambi zikichemka hutoa wanga, nao ndio unaoifanya supu nzito na kuzigandisha. Weka sufuria ya pili, maji lita 5 kwa tambi nusu kilo, yakitokota kwa nguvu. (Huku mchemko mkali watakiwa.) Kwa mtu mmoja pima gramu 100 za tambi kavu au 150 za mbichi. Zikoroge nusu dakika ya kwanza, kwani ndipo zinaposhikana. Mbichi zaiva kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Kavu fuata pakiti, ila zitoe dakika moja mapema, supu itamalizia. Kung'uta maji yote, maana yakibaki yataipooza supu.

Bakuli lisafishe kwa maji ya moto ili lisiwe baridi. Tambi kwanza, nyama juu yake, vitunguu majani na kotmiri, kisha supu inayochemka. Mwite mgeni mezani kabla hujatia tambi majini, wala si baadaye. Tambi hazingoji.

Naweza kutengeneza nyumbani zile tambi za manjano za vibandani? Na je, ni yai linalozipa rangi? — Msomaji, Kisauni

Mara nyingi si yai, ni magadi. Unga wa ngano ukikutana na magadi hugeuka manjano wenyewe, na tambi huwa ngumu za kuvutika, haziyeyuki mdomoni. Kule Lanzhou, kaskazini-magharibi mwa Uchina, wapishi kwa desturi walitumia majivu ya mmea wa jangwani kwa kazi hiyohiyo.

Utafikiria magadi yetu ya dukani. Tunakushauri usiyatumie: yale yanayotoka Ziwa Magadi huwa na floraidi nyingi, inayoharibu meno ya watoto. Tumia soda ya kuokea, si hamira. Itandaze gramu 100 kwenye trei, oka kwa nyuzi 120 saa moja. Pima tena: ikiwa imebaki kama gramu 63, imekuwa tayari. Usiishike kwa mkono wenye maji, huwasha.

Yeyusha gramu 5 za soda hiyo na gramu 5 za chumvi kwenye maji mililita 200, umimine polepole kwenye unga mweupe wa ngano gramu 500. Utapata makombo makavu, na utashawishika kuongeza maji. Usiongeze. Yafunike nusu saa, ngano itakunywa, kisha kanda kwa nguvu na upumzishe nusu saa nyingine. Sukuma mpaka unene wa milimita 2, nyunyiza konflawa, kunja, kata nyembamba kwa kisu kikali. Ukizidisha soda, tambi zitakuwa na ladha ya sabuni.

Kama huna wakati, chemsha spageti kwenye maji yenye soda ya kuokea ya kawaida, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 2. Hazifanani sana na zile, lakini zakaribia. Jihadhari, maji hayo hufura na kumwagika haraka.

Mume wangu ni baharia na meli yao hupitia Singapore. Aulizaje ili ale halali, na kuna tofauti gani kati ya tambi za supu na kavu? — Msomaji, Likoni

Dada, mwambie atazame cheti cha MUIS, baraza la Kiislamu la huko, kibandani penyewe. Nyama kuwa ya ng'ombe hakutoshi, kwa kuwa vibanda vingi vya tambi hizi si vya Waislamu. Malaysia cheti ni cha JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Vibanda vya mtindo wa Lanzhou ni vizuri kuulizia, kwa sababu chakula hicho asili yake ni Wahui, kabila la Waislamu wa Uchina. Bakuli lake hutambulikana kwa rangi tano: supu safi, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, majani ya kijani na tambi za manjano.

Kavu maana yake tambi, aghalabu nene za mchele, zimefunikwa rojo zito la nyama, njugu za kusagwa na mboga za chumvi, na supu yaja kando kwenye kibakuli. Mara ya kwanza achukue ya supu. Ndiyo inayomwonyesha mpishi.

Pakiti ya tishu juu ya meza tupu ina maana kiti kina mwenyewe. Akimaliza arudishe trei, na sehemu nyingi rafu za vyombo vya halali ziko mbali na nyingine. Utamaduni huo wa vibanda uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2020, na wenyeji wanauheshimu.

Nyama yangu huchambuka nyuzinyuzi nikiikata. Na supu iliyobaki yalala salama? — Msomaji, Mji wa Kale

Waikata ingali moto. Muundi ukitoka sufuriani uache kwenye supu kidogo upoe, kisha uweke frijini saa tatu. Zile kano zilizo ndani huganda na kuishika nyama, nawe wakata vipande vya milimita 3, ukipinga nyuzi.

Kwa joto letu supu isilale mezani. Igawe vyombo vifupi, uviketishe kwenye beseni la maji ya barafu, na iingie frijini kabla ya saa mbili kupita tangu itoke motoni. Itadumu siku tatu. Ikiwa imeganda kama jeli, mifupa yako ilikuwa mizuri.