Kwa nyinyi mnaoanza kayaki bwawani: roli itakuja, tulieni kwanza

Siku hizi naona wageni wengi kwenye mazoezi ya jioni ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, na nafurahi sana kusema ukweli, juu kitambo mchezo huu hapa Nairobi ulikuwa wa watu wachache tu wanaojuana. Sasa karibu kila mgeni akishaingia majini swali lake la kwanza ni moja: roli nitajua lini? Yaani ile kupinduka na kayaki yako alafu ujiinue mwenyewe bila kutoka ndani. Naelewa, ndio kitu kinapendeza ukiangalia video. Lakini nawaomba roli muiweke kando kidogo. Kazi kubwa ya bwawa ni kukufundisha kutulia ukiwa kichwa chini, na mtu akishatulia hayo mengine yote anayapata haraka, asiyetulia atahangaika na roli mpaka achukie mchezo.

Fikirieni huko tunakoenda. Wengi wetu mto wa kwanza ni Tana pale Sagana, kama kilomita 100 kutoka hapa mjini, na wakati wa mvua za masika maji yale ni ya udongo kabisa, ukifungua macho chini huoni hata mkono wako, kuna kelele, kuna mawe, na unasukumwa. Bwawani maji ni meupe, unaona kila kitu, na kuna mtu amesimama kando yako maji yakimfika kifuani. Hapo ndipo pa kushtuka mara nyingi mpaka mwili uzoee.

Basi anzeni na kutoka. Kayaki ya mtoni unavaa ile sketi ya mpira kiunoni alafu unaibana kwenye ukingo wa tundu la kukalia ili maji yasiingie, na mbele yake kuna kitanzi. Kitanzi hicho lazima kikae NJE, kila mara, hata kama unapiga kasia tu mita tano, na kabla hujaondoka ukingoni kiguse kwa mkono, muulize na mwenzako amekitoa chake. Ukipinduka, inama mbele, uso karibu na kayaki, usilale nyuma juu nyuma ndio unaumiza uso na mgongo. Fuata ukingo kwa vidole kwenda mbele, shika kitanzi, sukuma mbele kwanza alafu vuta juu, sketi itaachia. Weka mikono kando ya nyonga, jisukume utoke kama mtu anayevua suruali, na ukifika juu usiachilie kayaki wala kasia. Wageni wengi wanaogopa eti watakwama ndani, lakini ukishaachia sketi ukweli ni kwamba kubaki ndani ndio ngumu, kayaki yenyewe inakutema.

Mara ya kwanza fanya bila sketi kabisa. Ya pili na sketi imebanwa nusu, alafu sasa ifunge yote. Kuna dada mmoja alikuja na woga mwingi sana, alikuwa anashika ukingo wa bwawa na mikono miwili, tukaenda naye hivyo hivyo pole pole bila kumharakisha. Siku alipofunga sketi nilisimama kando yake nikiangalia chini ya maji: vidole vyake vilitembea kwenye ukingo, vikapita magoti, vikafika kwenye kitanzi, vikakishika, alafu vikasimama hapo. Hakuvuta. Alitoa mkono mwingine akagonga mgongo wa kayaki mara tatu, taratibu, ndio sasa akavuta akatoka. Hio ndio naita kutulia, anajua mlango uko wapi kwa hiyo hana haraka nao. Roli yake ilikuja baadaye bila shida nyingi.

Na huku kugonga si mapambo. Unagonga ili walio karibu wasikie na waone, alafu unapitisha mikono yote miwili kando ya kayaki mbele na nyuma, ukisubiri pua ya kayaki ya mwenzako ikuguse mkononi. Ikikugusa unaishika, unalaza kichwa kwenye mikono, unapindua kiuno na kayaki inarudi. Huu uokoaji wageni wanaupita haraka sana wakidhani ni wa watoto, na mimi nadhani ndio zoezi bora kuliko yote bwawani, kwanza linakufundisha kusubiri ukiwa chini ya maji, pili linamfundisha yule mwingine kuendesha kayaki kwa shabaha, aje upesi lakini asikugonge mbavu wala vidole. Badilishaneni zamu. Mtu ambaye hajui kuokoa wengine mtoni ni mzigo hata kama roli yake ni safi.

Kuna jambo nataka mlisikie vizuri. Usipumue kwa nguvu mara nyingi mfululizo kabla ya kuzama eti ndio ukae muda mrefu. Kuhema haraka haraka namna hio kunaondoa ile hewa chafu ambayo ndio huuambia mwili uvute pumzi, hakukuongezei oksijeni ya maana, kwa hiyo unaweza kuzimia chini ya maji bila hata kusikia dalili. Watu wamekufa hivyo kwenye mabwawa ya kawaida na wao ni waogeleaji wazuri. Vuta pumzi moja ya kawaida, ingia. Na hakuna mtu kupinduka peke yake bila mtu wa kumwangalia, hata kocha.

Haya, sasa roli. Walioianzisha ni wawindaji wa Aktiki, Wainuit, waliokuwa wanawinda sili kwenye kayaki za ngozi, na kule ukitoka ndani ya chombo baridi ya maji inakumaliza haraka, kwa hiyo kwao kujiinua ilikuwa ni kuishi. Wageni wanadhani roli ni nguvu za mikono. Hapana, ni kiuno na goti. Shika ukingo wa bwawa au mikono ya mwenzako, angukia upande, sikio lilale kwenye maji, alafu goti la upande ule ulioangukia lisukume juu kwenye kayaki huku unakata kiuno. Kayaki irudi kukaa sawa wakati kichwa bado kiko majini. Rudia, na tena, mpaka mkono uwe umegusa tu ukingo bila kuukamua. Ukiona vidole vimekuwa vyeupe kwa kushika basi bado unajivuta.

Kichwa kitoke MWISHO. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 4 au 5, kikiwa ndani ya maji, maji yanakibeba, ukikiinua tu uzito wote unarudi kwako na kayaki inarudi chini. Na mwili unataka hewa kwa hiyo shingo itajaribu kutangulia kila mara, hata kwa watu wazoefu wakichoka. Dawa yake ni macho: angalia bapa la kasia linavyofagia juu ya maji kutoka mbele kwenda nyuma, ukilifuata kwa macho kichwa kitabaki chini chenyewe.

Mabega pia. Viwiko vikae karibu na mwili, mikono isipande juu ya kichwa ikiwa imenyooka nyuma, juu bega linateguka hapo, na bega lililoteguka mara moja hupenda kuteguka tena. Ukisikia linauma acha siku hio, nenda ukae.

Kabla ya hayo yote kayaki ikukae mwilini. Miguu ifike kwenye vikanyagio, mapaja yabane chini ya kingo zake, nyonga zisicheze. Hapa tunaazimana vyombo kwa hiyo aliyekutangulia pengine ana miguu mirefu, chukua dakika chache urekebishe ukiwa nchi kavu badala ya kuingia ukining'inia ndani ukashangaa mbona kiuno hakifanyi kazi.

Maji yakijaa ndani usijaribu kuinua peke yako. Kayaki ya plastiki tupu ni kama kilo 20, lakini inaweza kumeza lita 200 na zaidi, na lita moja ni kilo moja, piga hesabu mwenyewe. Ilete ukingoni ikiwa imepinduliwa, watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, inua mbele maji yashuke, inua nyuma, kama mara mbili tatu hivi. Na kama ilikuwa mtoni wikendi ioshe mchanga na matope kabla ya kuingia. Mchanga ukienda kwenye chujio la bwawa tutafukuzwa wote, tuheshimu waliotukubalia.

Vitu vidogo vidogo: kibano cha pua ni bei rahisi na kinasaidia sana mwanzoni, juu maji yakipanda puani ndio watu wanachanganyikiwa. Pete na mikufu acha nyumbani. Usile mlo mzito muda mfupi kabla, kupinduka na tumbo limejaa ugali ni mateso. Akina dada waliosukwa, rasta nene juu ya kichwa helmeti haikai, fungeni chini karibu na shingo, na msuuze klorini na maji safi mkimaliza, sketi za mpira pia zisuuzwe hivyo hivyo zidumu. Sweta usisahau hasa Julai, ukitoka pale na nywele mbichi uingie matatu ya usiku dirisha likiwa wazi utatetemeka njia nzima.

Mtaambiwa na majirani kwamba hii ni michezo ya wazungu. Olimpiki ya Beijing 2008, Benjamin Boukpeti alichukua shaba ya kayaki kwenye maji ya kasi akiiwakilisha Togo, na hio ndio ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi ile, kwenye mchezo wowote. Si mbio, si ngumi, kayaki. Mito tunayo, Tana, Mathioya, na watoto waliozaliwa kando yake wanaogelea vizuri, kinachokosekana ni vyombo na watu wa kufundisha, kwa hiyo nyinyi mkijua mfundishe wengine.

Roli ikikubali bwawani msidhani mmemaliza. Fanyeni na laifu jaketi na helmeti, juu jaketi linakuinua upande mmoja na hisia zinabadilika. Mwenzako atikise kayaki wakati uko chini. Pinduka bila kujiandaa, kasia likiwa mahali pabaya. Zoeza na upande wa pili. Na mazoezi ya kuogelea chali, miguu mbele na juu, fanyeni hapo hapo, mtoni ukitoka ndani ya kayaki hivyo ndivyo unavyoshuka, usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia juu mguu ukinaswa kati ya mawe maji yatakulaza kifudifudi na hutainuka. Naivasha nako msiende wenyewe na kayaki eti ni ziwa tulivu, kuna viboko, nendeni na mtu anayejua wanakokaa.

Siku mnaenda Sagana mara ya kwanza, mwambie kiongozi wa safari mapema, kabla hamjaingia majini, roli yako inakubali upande gani na kama umeshawahi kutoka na sketi ukiwa na woga. Hatakucheka. Anahitaji kujua ili apange nani akae nyuma yako na nani asubiri chini penye maji tulivu.