Shamba la mzee msiuze: jibu langu kuhusu Goma

Mbukwenyi nyote. Nimesikiliza sauti mlizotuma kwenye kundi la ukoo, na ya bwana mdogo nimeirudia. Anasema dereva mmoja wa semi alilala Kibaigwa akamhadithia kwamba Goma, huku ninakoishi mashariki mwa Kongo, imetulia, vizuizi vya rushwa barabarani vimeondolewa, dola anaishika mpaka muuza nyanya, na aliyeko huko akikosa hela basi kajitakia. Shangazi akadakia: kama ni dola, mbona kinachofika ni laki moja, tena kwa kusuasua? Kisha likaja la shamba. Mnataka kuuza ekari za marehemu mzee ili vijana wawili wapate nauli na mtaji wa kunifuata.

Shamba msiuze. Mkiishia kusoma hapa, jibu mmeshapata.

Naandika nikiwa Benaco, upande wetu wa Tanzania, nasubiri gari la mchele la tajiri wangu likamilishe karatasi za mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda. Ninakoishi siandiki haya. Kule mtu husimamishwa njiani akaambiwa afungue simu, na kundi lenye maneno ya namna hii linaweza kumlaza ndani. Kwa hiyo mkiona nanyamaza, au najibu "tuko salama" tu, msiseme najidai.

Sasa hiyo dola. Goma watu wanatumia faranga ya Kongo na dola, na ndivyo ilivyokuwa hata kabla ya vita. Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na serikali ya Kongo kule Kinshasa ikakataa zifunguliwe. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja ukabaki bila benki za biashara. Noti nyingi zinazozunguka mpaka leo ni zilezile zilizokuwepo siku ile. Tajiri ananilipa kwa dola, hilo ni kweli. Akinipa noti ya ishirini naitandaza juu ya meza, nanyoosha kona moja moja kwa kucha, kisha naiinua kwenye mwanga. Nikiona mpasuko, hata uwe mdogo kama punje ya mtama, najua muuza mafuta ataikataa, au ataichukua kwa thamani ya kumi na tano. Kuna miezi natembea na mshahara mfukoni na chakula sina.

Kuituma kwenu ndiko kunakoniuma zaidi. Wakala wa Goma akiwa na salio hana noti, akiwa na noti anakata anavyojisikia. Basi tunavuka Petite Barrière, geti dogo la mpakani, kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Unapanga foleni pamoja na akina mama wenye mabeseni ya viazi kichwani, unaonyesha kitambulisho, unapekuliwa, unatokea ng'ambo unamtafuta wakala. Dola inageuka faranga ya Rwanda, faranga inageuka shilingi, na kila mkono inapopita unakata chake. Shangazi, ile laki unayoisema mbele ya ukoo mzima nimeipigania. Sikulaumu, ila ujue.

Na hapo ndipo nataka mnielewe. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa abiria tangu vita vya Januari 2025. Mwenye safari ya ndege anakwenda Kigali. Mgonjwa mwenye uwezo anavushwa. Hela iko ng'ambo. Mtu anayeishi Goma leo, kila anachohitaji anakiomba kwenye geti la jirani, na jirani huyo ndiye anayetajwa kuwa nyuma ya waliouteka mji.

Simsingizii mtu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 wako ndani ya Kongo bega kwa bega na M23, na kwamba jeshi hilo ndilo linaloelekeza operesheni zao. Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, likaitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na iondoe askari wake. Kigali imekuwa ikikana kuwasaidia. Inasema imechukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko ndani ya Kongo. Nami nikiwa hapa Benaco siwezi kuitupa hoja hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakajaa hapa, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua. Wengine wa namna hiyo walikimbilia Goma Julai ya mwaka ule, na masalia yao ndiyo yaliyozaa FDLR. Watutsi wa Kongo nao wanasakamwa na kuuawa kwa ajili ya kabila lao, wakiambiwa warudi kwao wakati kwao ni hapohapo. Kwa hiyo mjomba, ule ujumbe uliotuma wa kuwatukana Wanyarwanda ufute. Waliolala kwetu Kagera na Kigoma miaka yote hiyo ni ndugu zetu.

Lakini FDLR haielezi Rubaya. Huo ni mji wa machimbo huko Masisi, magharibi ya Goma, M23 waliuchukua Aprili 2024. Wataalamu walewale wakaandika kwamba kundi linavuna kama dola 800,000 kwa mwezi kwa ushuru wa madini ya koltani peke yake, na kwamba madini hayo yanavushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na ya kule. Rwanda inakana na hilo. Mimi nauza mchele kwa wanunuzi wanaotoka upande wa Masisi, na ninajua watoto wao wanalala wapi: chini ya turubai, juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mwenye kuniambia hii ni vita ya kulinda watu aje awaone.

Bwana mdogo, najua utauliza mbona mara ya kwanza walipigwa wakakimbia. Kweli. M23 waliingia Goma Novemba 2012, wafadhili wakaibana Rwanda kwa kusimamisha misaada, na mwaka uliofuata kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake Mtanzania, kikalisaidia jeshi la Kongo. Kufikia Novemba 2013 walikuwa wamesambaratika. Safari hii nchi hizohizo tatu zilirudi chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na haikuwa vile. Jeshi letu lilitangaza vifo vya askari wawili. Waliobaki walikaa kambini miezi, mji ukiwa mikononi mwa waliokuja kupigana nao, na ilipofika mwisho wa Aprili 2025 wakaanza kuondoka kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato. Hata wao walitokea kwenye geti lilelile.

Kijana wa jirani yetu alikuwa mle kambini. Mama yake alinipigia simu, akaniomba nipite nikamsalimie mwanawe. Sikuweza hata kuusogelea uzio. Mimi nauza mchele, napatana bei na watu, jioni napika ugali, na mtoto niliyemfahamu akichunga mbuzi za babu yake yuko ndani ya seng'enge upande wa pili wa mji. Amerudi mzima, nashukuru Mungu. Lakini nikiwaona mnaandika "bora M23, angalau kuna nidhamu", moyo wangu unakwenda kwake na kwa wale wawili. Umoja wa Mataifa ulihesabu karibu watu 3,000 waliokufa katika kuuteka mji. Nidhamu gani hiyo?

Wala msidhani Dodoma iko mbali na haya. Yale maroli yanayowapita Kibaigwa usiku kucha kuelekea Singida, Nzega na Isaka, mengi yanakuja hapa Rusumo. Sehemu kubwa ya shehena ya Rwanda inapita bandari ya Dar es Salaam, na ya Kongo pia tunaihitaji. Ndiyo maana tarehe 8 Februari 2025 Rais Samia alipowakutanisha Dar wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, maneno yalikuwa ya upole: sitisheni mapigano, zungumzeni. Nilikasirika siku ile. Sasa nimepoa kidogo, kwa kuwa nami nakula kwa barabara hiyohiyo. Ila upole haukuzuia kitu. Siku sita baadaye M23 walikuwa wanaingia Bukavu. Mawaziri wakatia saini Washington tarehe 27 Juni, na marais wenyewe tarehe 4 Desemba. Haikupita wiki, M23 wakaingia Uvira, juu kabisa ya ziwa hilihili la Kigoma, jirani na Bujumbura. Burundi ina askari wake wanaopigana upande wa Kinshasa. Mkisikia wakimbizi wanaongezeka Burundi, msishangae wakianza kubisha hodi Kasulu.

Kuna na suala la karatasi, nalo nalisema kwa kifupi. Kibali changu cha kuishi kilitolewa na serikali ya Kinshasa, muda umekwisha. Walioshika ofisi sasa wana muhuri wao, wanatoza ada yao, na muhuri huo nikivuka upande wa serikali ni kesi. Nisipougonga, nina kesi Goma.

Kwa hiyo usije, bwana mdogo. Wewe hujaoa, una nguvu, unadhani kila mlango ni wa kusukuma tu. Kule Goma kijana mgeni mwenye nguvu ndiye anayetiliwa shaka kwanza na kila upande.

Najua hata hivyo hunisikii. Ukija, njoo na pasipoti, usidanganywe na mtu wa njia za panya. Usilete mahindi, wa Uganda watakuua kwa bei. Leta mchele wa Kahama uliopembuliwa vizuri. Usipige picha ya askari yeyote, wala ya foleni ya mpakani. Ukiulizwa unaunga mkono nani, sema unauza mchele. Na shati la kombati ulilonunua Dodoma mjini lichome moto kabla ya kupanda gari.

Mtaniuliza mimi mbona sirudi. Mwaka jana mvua ilikata Februari, mahindi yakakauka yakiwa na mbelewele, na ni hizi dola zenye mipasuko ndizo zilizonunua debe la unga pale nyumbani. Nikirudi sasa tutakaa wote tunatazamana. Nitarudi, lakini kwa ratiba yangu. Msinipigie kelele za "rudi" leo na "tuma" kesho.

Hela ya mbegu naituma leo usiku nikiwa hapahapa, kwa sababu huku makato ni ya nchi moja. Mtama wa muda mfupi, msipande mahindi matupu. Bwana mdogo aende Kongwa akanunue mwenyewe, achukue risiti, na picha ya risiti anitumie kabla ya kesho saa nne asubuhi. Baada ya hapo nitakuwa nimevuka.